Sare Niliyoitoa kwa Hasira

Wifi yangu alifika kutoka Bujumbura na valizi moja ndogo ya magurudumu, na ile valizi niliichukia kabla sijamchukia yeye. Aliiweka katikati ya chumba, pale pale ambapo sisi tunapita kwa ubavu, akasema, "Wiki mbili, na kila kitu changu iko humu."

Hakuna mtu alimuuliza.

Niseme mapema: huyu wifi simpendi. Kaka yangu anampenda, na mtu kama yule mapenzi ya mtu mmoja yanamtosha. Mimi nilimpokea kwa sababu ya kaka, nikampikia kwa sababu ya mama, nikamwachia upande wangu wa kitanda kwa sababu ya Mungu. Kwa sababu yake yeye sikufanya kitu.

Zamani tulikuwa tunakaa chini, karibu na maji. Ziwa lilipanda, likaingia uwanjani, likaingia jikoni, halafu halikutaka kutoka. Tukahamia huku juu ya barabara, vyumba viwili vya kupanga, mimi na mama. Vitu vingi vilibaki kwenye maji lakini kabati ya mama tulikuja nayo. Ni kabati ya mvule, milango mitatu, mlangoni haikupita. Tuling'oa fremu ya dirisha ndiyo ikaingia, na mwenye nyumba mpaka leo akitusalimia anaangalia dirisha. Toka siku ile mlango wa chumba unafunguka nusu. Mama akiamka kuswali Alfajiri anagonga goti kwenye kona ya kabati, kila siku, goti lile lile. Tumezoea. Hatukuwa tumemwita mtu aje kutuonea huruma.

Wifi alikaa siku mbili akitazama tu. Siku ya tatu akasema, "Hii nyumba haina hewa."

"Toka nje, iko nyingi," nikamjibu.

"Wifi, sikutukani. Nasema muna nguo kama duka. Nguo zinawala."

Akatoa simu. Humo simuni kulikuwa na mwanamke mmoja, sijui wa nchi gani, nyumba yake nyeupe mpaka inaumiza macho, anakunja fulana kama sambusa na kuzisimamisha ndani ya droo. Halafu anatabasamu. Mwanamke amekunja fulana, anatabasamu kama amejifungua salama. Wifi alimfuata huyo mwanamke kama watu wanavyomfuata shehe. Alikuwa na masharti yake yote kichwani: unatoa kila kitu, unafanya mafungu matatu, la kubaki, la kugawa, la kutupa, na nguo ambayo hujavaa mwaka mzima haina ruhusa ya kurudi.

Alimwonyesha mama. Mama alitazama video mpaka mwisho, akasema, "Vizuri, mwanangu." Mimi namjua mama yangu. Akisema vizuri kwa sauti ile, ujue hapana ilishatoka, imevaa viatu, imeondoka. Lakini wifi hakujua. Akafurahi.

Sasa kwa wasiojua mambo yetu. Hapa Rumonge, sisi Waswahili wa mjini, msichana akiolewa, marafiki zake wa karibu wanavaa kitenge kimoja, rangi moja, ndege mmoja, ua moja. Hiyo ndiyo sare. Siku ya harusi munakaa nyuma ya bibi harusi na watu wanawatazama muko wangapi. Wengine wanafikiri kazi ya sare inaishia hapo. Hapana, hapo ndipo inaanza. Utaivaa Idi. Utaivaa kwenye matanga ya baba yake. Utaivaa siku umesikia mumewe amemsema vibaya mbele ya watu, upite nayo sokoni polepole, na kila mwanamke atakayekuona atajua uko upande wa nani. Mimi mdomo ninao, kila mtu mtaa huu ni shahidi. Lakini kuna mahali mdomo ungeharibu na nguo inafika vizuri.

Na ukiacha kuivaa, hiyo nayo watu wanaisoma.

Basi rafu yangu kwenye ile kabati ilikuwa imejaa sare. Nguo za kuvaa kila siku nilikuwa nazo nne, na zilining'inia kwenye msumari. Mimi ni fundi, sikufundishwa na mtu. Nilifumua gauni la mama nikiwa mtoto ili nione limeshonwaje, nikapigwa, nikalirudisha likiwa zuri kuliko mwanzo. Sare zangu zote nimezishona mwenyewe, na za wenzangu wengi pia.

Asubuhi moja mama alikuwa amekwenda kwenye msiba wa jirani. Mimi nilikuwa naweka uzi kwenye mashini. Wifi akafungua mlango wangu wa kabati bila kuuliza, akavuta kitenge cha juu.

"Hii uliivaa lini?"

"Harusini."

"Na hii?"

"Harusini."

"Hii hapa ya kijani?"

"Harusini pia. Kwani huko Buja watu hawaolewi?"

"Wanaolewa. Lakini muntu akiolewa ameenda kwake. Hatubaki kumuhifadhi kabatini kama nyanya za kopo." Akacheka kwa utani wake mwenyewe. "Wifi, hizi nguo hazikuvai, wewe ndiye unazibeba. Tutafanya mafungu tatu, polepole. Nitakusaidia."

"Funga kabati."

"Hasira ya nini?"

"Funga, nimesema."

Hakufunga. Alishika kitenge kingine, akakipima kwa macho, halafu akanitazama na ule uso wa mtu anayekupenda kuliko unavyojipenda. "Nikuambie kitu kama dada yako? Ndiyo maana huolewi. Harusi za wengine zimejaa mpaka juu. Yako ingeingilia wapi?"

Nina miaka ishirini na tatu. Wanawake wa mtaa huu wameshaniambia kuhusu kuolewa maneno ambayo siwezi kuandika, na nimeyajibu yote. Lile moja nililijibu kwa mikono. Nilisimama, kiti kikaanguka, nikaingiza mikono miwili kwenye rafu mpaka ukutani, nikakumbatia kila kitu kilichokuwa mle na kukitoa kwa mara moja.

"Unafikiri siwezi?" nikamwambia. "Angalia basi namna naweza."

Nje, kwenye wigo, alikuwa anapita yule mama wa ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Kila siku anapita na beseni lake kichwani, na kila siku anauliza kama tuna kitambaa kikuukuu, maana ngata ya kuwekea beseni inaoza haraka kwa maji ya samaki. Nilimwekea mzigo wote mikononi. Aliushika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Binti, uko sawa?"

"Chukua, mama, kabla sijabadilika."

"Murakoze, asante sana. Mungu akupe mume."

Hata yeye.

Niliporudi ndani wifi alikuwa amesimama palepale. "Sikusema hivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema mafungu tatu."

"Langu ni moja."

Nilidhani nimemshinda. Lakini alingoja nikarudi kwenye mashini, halafu nikasikia simu yake inapiga picha. Alikuwa anapiga picha rafu yangu tupu. Akaituma kwa kaka, na kaka akajibu na dole gumba. Wiki iliyofuata akaondoka na valizi yake, akiwa amenona kwa ugali wetu, akimwambia kila mtu kwenye stendi kwamba ametusaidia kupanga nyumba. Mama, aliporudi kutoka msibani siku ile, alitazama rafu, akanitazama mimi, akasema neno moja, "Zote?" na mimi nikasema ndiyo, akafunga mlango wa kabati. Nilikasirika na yeye pia. Nilikuwa na hasira ya kugawia nyumba nzima.

Mimi sikuangalia. Wakati nazitoa sikuangalia hata moja. Kama ningeangalia ningeona ile ya zambarau.

Kuna mtu mmoja hapa duniani ambaye ukimgusa umenigusa jicho. Tulisoma pamoja, dawati moja. Mwaka wa tano wa shule nilimpiga mtoto mmoja aliyekuwa anamwita jina baya, nikafukuzwa, na yeye akakusanya daftari zake akatoka nyuma yangu. Kesho yake walimrudisha kwa fimbo. Mimi sikurudi. Basi kila jioni alikuwa ananiletea daftari, ananiachia, asubuhi anapita kuzichukua, na ndivyo nilivyosoma, peke yangu, kwa maandishi yake yaliyolala kama nyasi. Kusoma kwangu kote kumetoka pale.

Alipoolewa alichagua kitenge mwenyewe: zambarau, na ndege wadogo wa njano. Kilivuka na boti kutoka upande wa Congo, jora moja tu, mwenye duka akasema kingine kama hicho hakuna. Kilitutosha sisi kumi na mbili na yeye wa kumi na tatu. Mume wake ni mtu wa mawese, familia yake iko Kizuka, wana michikichi mingi na maneno mengi zaidi ya michikichi.

Miaka minne sasa. Mtoto hajaja. Mwaka wa kwanza tulivaa ile sare wote kumi na mbili. Mwaka wa pili tukawa saba. Mmoja akasema imembana, nikamwambia lete nikupanulie, hakuleta. Mwingine akaikata akafunika televisheni. Hakuna aliyekuja kumwambia neno baya, lakini yeye alikuwa anahesabu. Mwaka huu katika wote nilibaki mimi.

Rafiki yangu alikuja Ijumaa, wifi wa Bujumbura akiwa ameshaondoka, baada ya watu kutoka msikitini. Akakaa kwenye kitanda cha mama, akavua viatu, akala karanga zangu bila kuomba.

"Jumapili kuna akika Kizuka," akasema. "Kwa shemeji. Mutoto wa tatu."

"Wanazaa kama wanashindana na nani?"

"Na mimi." Akacheka, mimi sikucheka. Akatafuna kidogo. "Wifi zangu watakuwa pale wote. Ile kubwa imeshamuambia mume wangu kuna binti wa Bugarama, mutaratibu, familia nzuri. Amemuambia mbele yangu, anamimina chai."

"Na mume wako akasemaje?"

"Akasema chai iko moto." Akaangalia vidole vyake vya miguu. "Nitavaa ile yangu ya harusi. Na wewe uvae. Nikae pale na muntu mmoja basi, wasinione niko peke yangu kama nguzo. Utavaa?"

Ndipo nilipoiona kichwani ile zambarau, pale katikati ya mzigo, kati ya ile ya kijani na ile ya maua, inatoka mikononi mwangu. Rafiki yangu alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema. Ilikuwa ni maneno manne.

"Nitavaa," nikasema. "Iko. Naipunguza kiuno tu."

"Usipunguze sana. Umenenepa."

Akaondoka anacheka, na karanga zangu mkononi.

Jumamosi asubuhi niliteremka mpaka kwenye uwanja wa kuanikia. Jua lilikuwa bado halijakaza lakini harufu ilishakaza. Ndagala walikuwa wametandazwa mpaka mbali, kama mtu amemwaga misumari ya fedha kwenye mchanga. Yule mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anachambua.

"Binti wa nguo," akasema. "Karibu. Umeleta nyingine?"

"Amahoro, mama. Natafuta moja kati ya zile. Ya zambarau, yenye ndege, sare ya harusi ya rafiki yangu."

"Nzuri sana ile. Niliikata."

"Ulikata?"

"Ulinipa niitazame? Nusu ni ngata." Akagusa kitu kilichosokotwa pembeni yake, cheusi kwa mafuta ya samaki. "Nusu iko pale."

Alionyesha kwa midomo. Binti yake alikuwa ameinama anageuza ndagala, na mgongoni amefunga mtoto mchanga, na mtoto amefungwa kwa zambarau na ndege wa njano.

"Nitakupa kingine. Kipya, kizuri kuliko hicho," nikasema. "Mwambie amtoe."

"Mutoe wewe."

"Mama, mimi nimesema nitalipa kwa kitambaa."

"Sikukatazi. Nasema mutoe wewe. Ameharisha tangu juzi, ndiyo kwanza amelala. Nenda, mufungue, ukishamaliza umuambie habari za harusi ya rafiki yako."

Wanawake wengine waliokuwa wanaanika wakacheka. Nilikwenda mpaka kwa yule binti. Alisimama wima, akanitazama usoni, wala hakuniogopa. Shavu la mtoto lilikuwa limelala juu ya ndege mmoja, na mate yamemlowanisha yule ndege. Nilinyosha mkono. Halafu nikauona mkono wangu umenyoshwa, nikaurudisha.

Niliporudi yule mama aliendelea kuchambua. "Watu wa mjini," alisema, "munatoa kitu kwa hasira, halafu munarudi kuchukua kama watu wa ushuru. Mimi nilikuomba ngata moja. Ulinipa zote wewe."

"Nipe hiyo ngata basi."

"Na mimi nibebe na nini?"

Nilivua khanga niliyokuwa nayo begani. Ilikuwa ya mama, sikuwa nimemwomba. Akaipima kati ya vidole, akaridhika, akanirushia ile ngata.

"Huyo rafiki yako, anajua?"

"Hajui."

"Atanusa," akasema.

Niliifua kwa sabuni ya mche, nikaifua kwa limau, nikaifua kwa majivu kama bibi zetu, nikaianika, nikainusa, nikaifua tena. Rangi ilirudi kidogo. Harufu iligoma. Kitambaa kilichobaki kilitosha mbele tu, kuanzia shingo mpaka magotini, na mikono mifupi ya kubana. Nyuma niliweka kitambaa cheusi kutoka kwenye baibui la zamani. Nilishona siku nzima na usishangae nikikuambia ilikuwa kazi nzuri. Mshono ulinyooka. Ukiniona kwa mbele, nilikuwa mtu kamili wa harusi. Nyuma ningefunga khanga kiunoni na nyingine mabegani, nani atajua?

Mama aliniangalia nikijipima. "Mwambie," akasema.

"Nitamwambia baada ya sherehe."

"Mwambie kabla."

"Mama, niache."

Akaniacha.

Jumapili tulikaa pamoja mkekani, mimi na yeye, zambarau na zambarau, na kwa saa nzima nilifikiri nimeweza. Wali ulikuwa unaiva. Wifi zake walipita na masahani wakatutazama, kwanza yeye, halafu mimi, halafu wakatazamana. Rafiki yangu alikaa ameinua shingo. Mara moja alipumua kwa pua, akauliza, "Hawa wamechanganya ndagala kwenye pilau?" nikasema watu wa Kizuka hujui wanapika nini. Mabega yake yalikuwa yameshuka, ametulia. Kwa ajili ya yale mabega ningevaa ngozi ya samaki mwenyewe.

Wakamleta mtoto kunyolewa. Mzee akakaa na wembe, mama wa mtoto akakaa naye magotini, na ikatakiwa khanga ya kukingia nywele zisianguke chini. Kila mtu akaangalia huku na huku. Wifi mkubwa, yule wa chai, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Wewe una mbili," akasema, na kabla sijashika pindo akaivuta ya kiunoni. Ile ya mabegani ilikuwa imefungwa kwa fundo moja na hiyo. Zilikwenda zote.

"Ehe," akasema wifi mkubwa. "Njooni muone. Mbele harusi, nyuma matanga."

Wanawake wakacheka. Wengine walicheka kwa aibu, lakini walicheka. Akainama, akanusa, akasimama. "Na inanuka. Huyu ndiye aliyebaki katika marafiki wote, na yeye amefika nusu."

Rafiki yangu hakuniangalia usoni. Aliangalia mshono, pale ubavuni, palipokutana zambarau na nyeusi. Aliuangalia kwa muda mrefu.

Nilisimama. Mimi nikisimama mama anajua, mtaa mzima unajua, sasa na Kizuka ikajua.

"Niliitoa mimi," nikasema. "Hakuna mtu alinilazimisha. Nilikuwa nagombana na mtu mjinga kuhusu kabati, nikaitupa na zingine zote, nikampa mama wa ndagala, ndiyo maana inanuka. Ijumaa rafiki yangu aliponiuliza nikamdanganya. Jana nilikwenda kuipigia magoti kwenye mchanga, nikapata nusu, nikaishona nusu. Aibu ni yangu, nitaibeba." Nikamgeukia wifi mkubwa. "Na wewe dada, wewe ulikuwa kwenye ile sare, mmoja wa wale kumi na mbili, ulikaa kiti cha pili kutoka kwangu. Yako iko wapi? Nimeingia na mlango wa jikoni. Nimeiona kwenye dirisha lenu la choo, umepigilia misumari. Yangu angalau imebeba mtoto wa mtu. Yako inafunika nini, dada?"

Mtoto wa akika alianza kulia. Mzee mwenye wembe, bila kuinua kichwa, akasema, "Tunyoe mutoto kwanza. Mutagombana baadaye."

Rafiki yangu alikuwa ameshasimama. Alivaa viatu vyake kwa utaratibu, kimoja, kingine, akatoka. Nikamfuata bila khanga.

Alisimama chini ya michikichi, mikono kiunoni.

"Ulisema unaipunguza kiuno."

"Ndiyo."

"Ulisema unaniangalia machoni."

"Ndiyo."

"Ungeniambia Ijumaa ningelia, ningekutukana, ningekuja leo na gauni langu la kawaida. Sasa umenileta hapa nimeinua shingo. Nimeinua shingo mbele ya wale watu kwa nguo ya nusu."

"Nitukane basi."

"Nitakutukana. Usinifundishe." Na akaanza. Alianzia kichwa changu kikubwa, akaja kwenye hasira yangu, akapita kwa wifi yangu wa Bujumbura ambaye hajawahi kumwona, akarudi kwangu. Hakuwa analia. Ingekuwa nafuu.

Njia ya kwenda barabarani ilikuwa moja, na ilipita mbele ya turubai la wanaume. Wote walikuwa pale, mume wake, baba mkwe, wajomba, wamekaa na soda zao, na kelele za wanawake zilikuwa zimeshawafikia maana kila mtu alikuwa amegeuza uso huku. Nikasimama. Mgongo wangu ulikuwa mweusi wote, na mshono wangu mzuri ulionyooka unaonekana kutoka mbali.

"Tangulia," akasema rafiki yangu.

Nilijua maana yake. Maana yake nenda, tusionekane pamoja. Nikainamisha kichwa nikaanza kutembea.

Nikasikia viatu vyake nyuma yangu, karibu, karibu zaidi, mpaka akanikanyaga kisigino. Alikuwa amenibana mgongoni kabisa, kifua chake kinagusa mabega yangu, na kitenge chake chote, zambarau yote na ndege wote, kimefunika kila kilichokuwa nyuma yangu. Tulipita mbele ya wale wanaume hivyo, kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Baba mkwe akasema asalaam aleikum. Rafiki yangu akaitika vizuri, kwa sauti ya mkwe mwema, halafu kwa sauti nyingine, shingoni mwangu, "Nyosha mgongo, mupumbavu wewe. Usigeuke. Mimi sijakusamehe."

"Najua."

"Nyamaza. Tembea."

Barabarani tulisimamisha pikipiki. Alinisukuma nikae katikati, yeye akapanda nyuma. Njia nzima alinitukana sikioni. Dereva alipunguza mwendo ili asikie vizuri, akatukanwa na yeye.

Nilidhani atashuka kwake. Alipitiliza na mimi, akaingia ndani mbele yangu kwa ubavu, akamsalimia mama, akakaa kitandani.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Ndiyo nimeanza tu," akasema.

Nikamletea maji. Akayanywa yote, akafuta mdomo, akaendelea.